Sura ya Saba: Milimita 67

Toka Kilosa mjini, tawi la reli linaelekea kusini. Linapita Mikumi, linaishia Kidatu, na hapo linakutana na reli ya TAZARA, ile iliyokamilika mwaka 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Mgeni akitazama haoni tofauti yoyote: chuma ni kilekile, mataruma ni yaleyale. Lakini reli ya Kilosa ina upana wa milimita 1,000, na ya TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, haifiki upana wa kiganja cha mtu mzima. Kwa hiyo behewa la huku halivuki kwenda kule. Mzigo sharti ushushwe Kidatu, upakiwe upya, ndipo safari iendelee. Tena Kilosa sasa imepitiwa na reli ya tatu, SGR, yenye milimita 1,435, nayo haichangamani na yoyote kati ya hizo mbili.

Nimeanza na reli kwa sababu sijapata mfano bora wa kumweleza mtu mzima kilio cha kijana wa Mikumi ambaye jana alicheza gemu lake mtandaoni na leo limekataa kufunguka. Simu ni ileile, mtandao ni uleule, mkono ni uleule. Ila usiku waliotengeneza gemu wametoa toleo jipya, na seva yao haipokei tena toleo la zamani. Behewa lake ni zima kabisa, lakini upana wa reli umebadilika. Sura hii inahusu hizo milimita 67: zinatoka wapi, nani anazilipia, na vijana wa wilaya ya Kilosa wanavukaje.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Gemu ninazozizungumzia hapa ni za kufyatuliana risasi mtandaoni, watu wengi kwa mara moja, kila mmoja akiwa na kazi yake. Wachezaji wanaziita klasi. Mizizi yake ipo mwaka 1996, pale vijana wa Australia, Robin Walker, John Cook na Ian Caughley, walipoichukua gemu ya Quake na kuigeuza ichezwe kwa timu. Waliiita Team Fortress. Baadaye walichukuliwa na kampuni ya Valve ya Marekani, na Oktoba 2007 ikatoka Team Fortress 2, ambayo hadi leo ni kama kitabu cha kiada cha aina hii ya michezo.

Ndani yake kuna kazi tisa. Yupo skauti mwenye mbio, askari wa makombora, mchoma moto, mlipuaji, na jitu la bunduki nzito linalotembea polepole kama lori linalopanda mlima Kitonga. Yupo mhandisi ambaye hajengi jina kwa kuua bali kwa kujenga: anaweka mtambo unaojilengea wenyewe, kituo cha kugawa risasi na afya, na mlango wa kuwasafirisha wenzake kutoka nyuma hadi mstari wa mbele. Yupo mdunguaji, yupo jasusi anayevaa sura ya adui. Na yupo mganga. Mganga anamfungia mwenzake mwale wa tiba, na akitibu kwa muda wa kutosha hupata nguvu ya kumfanya mtu huyo asidhurike na chochote kwa sekunde 8. Sekunde hizo nane zimegeuza mechi nyingi kuliko bunduki yoyote iliyomo.

Hapo ndipo uzuri wa gemu hizi ulipo. Katika gemu za kawaida za risasi, mwenye kidole chepesi ndiye mfalme na wengine ni wasindikizaji. Katika gemu za klasi, timu ya wadunguaji watupu hupigwa na timu ya watu wa kawaida waliogawana kazi. Wazee walishasema kidole kimoja hakivunji chawa, na sijaona mahali ambapo kijana wa miaka kumi na sita anaielewa methali hiyo upesi kama anapopoteza mechi kwa sababu timu nzima ilikataa kuwa mganga.

Kwa walio wengi Kilosa na Mikumi, kompyuta ya kuchezea si kitu cha nyumbani. Simu ndiyo uwanja. Call of Duty: Mobile, iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2019, iliwaletea wenye simujanja wazo lilelile. Katika uwanja wake wa kubaki hai hadi mwisho, kabla ya kuruka kutoka kwenye ndege unachagua klasi, kwa mfano mganga, skauti, mlinzi mwenye ngao, fundi wa droni, ninja mwenye kamba, au mchekeshaji anayeita mazombi. Garena Free Fire, ambayo imependwa sana kwa sababu inakubali hata simu ya hali ya chini, nayo inampa karibu kila mhusika uwezo wake maalumu.

Mizani isiyotulia

Mzee anayecheza bao chini ya mwembe atauliza: kwa nini watengenezaji wa gemu hawatulii, kila mara toleo jipya? Bao halijawahi kuomba sasisho. Ni swali la haki, na jibu lake liko kwenye mpira wa miguu.

Kabla ya mwaka 1992 beki aliruhusiwa kumrudishia kipa mpira kwa mguu, na kipa akaudaka. Timu iliyokwisha kupata bao moja iliweza kuuua mchezo kwa kurudisha mpira nyuma dakika hadi dakika. Sheria ikabadilishwa, kipa akakatazwa kuudaka mpira wa namna hiyo, na mpira ukawa mwingine. Sheria ya zamani haikuwa imevunjwa na mtu. Watu walikuwa wamegundua njia ya kushinda ambayo inaua utamu.

Gemu za klasi zina tatizo hilo mara kumi, kwa kuwa kila kazi ina silaha zake, kasi yake na udhaifu wake, na mamilioni ya watu wanatafuta upenyo usiku na mchana. Mfano unaokumbukwa sana ni wa Overwatch, gemu ya kampuni ya Blizzard iliyotoka Mei 2016 ikiwa na mashujaa 21. Timu za kulipwa ziligundua kwamba zikiweka walinzi watatu na waganga watatu, bila mshambuliaji hata mmoja, karibu haziuliki. Mechi zikawa ndefu, zinafanana, na washambuliaji hodari wakakaa benchi. Mwaka 2019 Blizzard wakaweka sheria: walinzi wawili, washambuliaji wawili, waganga wawili. Ilipokuja Overwatch 2 mwaka 2022, timu ikapunguzwa kutoka watu sita hadi watano, akaondolewa mlinzi mmoja.

Valve nao mwaka 2008 walianza kutoa masasisho ya klasi moja moja, wakaanza na mganga, wakimpa silaha mpya ili watu wapende kumchagua. Kwa hiyo sasisho lina maana yake. Linaziba tundu la wezi wanaotumia programu za udanganyifu, linarekebisha silaha iliyozidi, linamwinua aliyesahauliwa. Anayeupenda mchezo huu anapaswa kuyapenda masasisho, kama mkulima anavyopenda palizi japo mgongo unauma.

Tofauti na mpira ni moja, na ni kubwa. Sheria ya kipa ilipobadilika mwaka 1992, timu ya Kimamba, wilayani Kilosa, haikutakiwa kununua uwanja mpya. Refa aliambiwa, akapuliza filimbi. Kwenye simu, sheria mpya ina uzito, na uzito huo hupimwa kwa MB.

Bure yenye bei

Team Fortress 2 iliuzwa kwa fedha hadi Juni 2011, ikawa ya bure. Call of Duty: Mobile na Free Fire zilizaliwa bure. Mapato yanatoka kwa wanaonunua mavazi, rangi za bunduki na tiketi za msimu. Ili watu waendelee kununua, lazima kila msimu uje na kitu kipya cha kutamaniwa. Ndiyo maana katika furushi moja la sasisho mnachanganyika vitu viwili: marekebisho ya mizani, ambayo kila mchezaji anayahitaji, na mapambo, ambayo wengi hawatayanunua kamwe. Mchezaji wa Mikumi anavipakua vyote.

Tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Mechi yenyewe hailibugii bando. Data inayokwenda na kurudi ni taarifa fupi fupi: nipo hapa, nimefyatua, nimepigwa. Kutazama video kwa saa moja kunakula zaidi. Kinachokula ni sasisho. Chukua sasisho la GB 2. Mtandao ukiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, usidhani utalipata kwa sekunde elfu moja, maana megabiti si megabaiti. Gawanya kwa nane: unapata robo ya megabaiti kwa sekunde. MB 2,000 zitachukua sekunde 8,000, yaani zaidi ya saa mbili, mradi umeme usikatike, simu isizime, na bando lisife kabla ya muda.

Na bando hufa. Bando la saa 24 halingoji. Nilipokuwa Mikumi niliwahi kupakua sasisho usiku kucha nikiwa na bando la usiku. Alfajiri muda ukaisha kikiwa kimebaki kipande kidogo, na nilipojiunga tena, gemu likaanza upya kutoka sifuri. Siku ile nilielewa kwamba neno “bure” linabadilika maana kadiri unavyosogea mbali na waya. Kwa kijana wa Seoul mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, sasisho ni dakika chache za kungoja. Kwa kijana wa Kilosa ni fedha ya vocha aliyoipata kwa kibarua cha miwa au kwa kuuza nyanya kando ya barabara kuu. Bei ya bando ni jambo zito nchini. Aprili 2021 vifurushi vipya vilipopanda bei, kelele za wananchi zilikuwa kubwa kiasi kwamba Serikali ilisitisha mabadiliko hayo muda mfupi tu baadaye. Waliolalamika si wacheza gemu peke yao, lakini wacheza gemu walikuwamo.

Umbali na kazi unayoichagua

Kuna bei ya pili, nayo haionekani kwenye salio. Wachezaji wanaiita pingi: muda ambao ujumbe unatoka kwenye simu yako, unafika kwenye seva, na jibu linarudi. Unahesabiwa kwa milisekunde.

Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mikumi hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 300, ni milisekunde moja na nusu, si kitu. Lakini seva haiko Dar. Ikiwa iko Frankfurt, mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,000: milisekunde 35 kwenda, 35 kurudi, jumla 70. Mkongo wenyewe haunyooki. Unapita chini ya Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu, unazunguka, unapokezana, na hesabu inaongezeka. Kisha ongeza mnara wenu, ambao saa mbili usiku unahudumia mji mzima kwa wakati mmoja: huyu anatazama tamthilia, yule anaongea na ndugu kwa video, na wewe uko katikati ya vita. Ndipo mchezo unaganda, na ukizinduka umeshakufa.

Tusisahau tulikotoka. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya kimataifa ya nchi hii ilipitia setilaiti zilizo juu karibu kilomita 36,000. Kupanda, kushuka, kisha jibu lipande na kushuka tena, ni takriban nusu sekunde kabla hujaongeza ucheleweshaji mwingine wowote. Hakuna gemu ya risasi inayochezeka hivyo. Na utegemezi wetu kwa nyuzi hizo ulionekana wazi Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu baharini na Tanzania, pamoja na majirani, ikabaki na intaneti ya kukokota.

Sasa nieleze jambo ambalo limenifundisha kuziheshimu gemu za klasi. Pingi mbaya haiwaumizi wote sawasawa. Mdunguaji anahitaji ukweli wa sasa hivi: adui ninayemwona, yuko pale kweli? Akichelewa kwa robo sekunde, analenga kivuli. Lakini mwale wa mganga katika Team Fortress 2 ukishamshika mwenzako unamfuata wenyewe. Mtambo wa mhandisi unajilengea kwenye seva, haungoji kidole chako. Mlinzi anayeweka ngao mahali pazuri kabla ya vita kuanza anatumia akili, na akili haina pingi. Kwa hiyo mchezaji mwenye busara aliye kwenye mnara uliojaa hachagui kazi anayoitamani, anachagua kazi ambayo umbali wake unairuhusu. Huo si unyonge. Timu inayoshinda inamhitaji mganga kuliko inavyomhitaji mdunguaji wa tano, na kijana wa Mikumi anaweza kuwa mganga hodari wa kutegemewa na watu ambao hawajui Mikumi iko wapi.

Kuvusha mzigo Kidatu

Turudi Kidatu. Milimita 67 hazikusimamisha biashara, kwa sababu palijengwa mahali pa kuhamishia mzigo kutoka behewa hadi behewa. Vijana nao wamejenga Kidatu yao, na hawakusaidiwa na mtu.

Neno lao ni moja: “nirushie.” Mmoja mwenye bando nono, au ambaye amepita Morogoro mjini na kupata waifai, anapakua sasisho. Akirudi, anawarushia wenzake kwa Xender: simu mbili zinajiunga zenyewe kwa zenyewe, bila mnara, bila MB hata moja, na faili kubwa linavuka kwa dakika chache. GB 2 zimelipiwa mara moja, zimetumiwa na watu sita.

Tazama kundi hilo na utaona kwamba klasi zimetoka ndani ya gemu zikaja barazani. Yupo mpakuaji. Yupo mwenye chaja na umeme wa uhakika, ambaye kwao ndiko wanakokutana. Yupo anayesoma Kiingereza vizuri, kazi yake ni kuwasomea wenzake orodha ya mabadiliko: bunduki hii imepunguzwa nguvu, ngao ile sasa inachelewa kujaa, mganga anatibu watu wengi zaidi. Yupo fundi, anayejua kufuta picha na programu zisizotumika ili simu yenye nafasi finyu ipate pa kuweka mzigo mpya. Hakuna aliyewagawia kazi hizo. Uhaba umewagawia.

Njia hii ina hatari, na sitaificha. Faili linalozunguka mikononi linaweza kuwa limechezewa na mwizi wa akaunti. Android ina kinga: kila programu ina saini ya mtengenezaji wake, na faili lenye saini tofauti halikubali kuketi juu ya programu halali iliyopo. Kwa hiyo ukiambiwa “futa kwanza gemu la zamani ndipo uweke hili,” simama. Huenda unaambiwa umfukuze mlinzi ili mgeni aingie. Pokea kutoka kwa mtu ambaye umemwona akipakua kwenye duka rasmi la programu, si kutoka kwa asiyejulikana.

Tena mlango umekuwa ukifungwa. Tangu Android 11 ya mwaka 2020, simu haziruhusu tena kwa urahisi programu nyingine kufungua makabati ambamo gemu huhifadhi ramani na picha zake. Nia ilikuwa njema, kulinda siri za watu. Matokeo yake ni kwamba unaweza kurushiwa ganda la gemu, lakini nyama yake unatakiwa uipakue mwenyewe. Watengenezaji wa Android wameondoa winchi ya Kidatu bila kuunganisha reli.

Kwamba yote haya yanaweza kufanywa vizuri, ushahidi upo. Februari 2023 Valve waliiwekea Steam, duka lao la gemu za kompyuta, uwezo wa kuchukua gemu kutoka kompyuta jirani ndani ya nyumba moja badala ya kulipakua tena kutoka intaneti, na programu yenyewe ikahakiki kwamba faili ni halali. Wenye kompyuta, ambao aghalabu ndio wenye intaneti ya bei nafuu, wamepewa. Wenye simu, ambao ndio wengi na ndio wanaolipia kila MB, wanastahili kupewa vivyo hivyo.

Ninachoomba

Kwa watengenezaji: tenganisheni mizani na mapambo. Mabadiliko ya sheria ni tarakimu chache, yasifungwe pamoja na nguo za msimu. Ruhusuni sasisho lililokatika liendelee lilipoishia. Na wekeni njia halali ya kurushiana, yenye kuhakiki saini, kwa simu mbili zilizokaa benchi moja.

Kwa kampuni zetu za simu na wanaozisimamia: bando la usiku lisiwe mtego. Mtu aliyeanza kupakua akiwa na bando hai aruhusiwe kutumia MB alizozilipia.

Kwa wazazi wa Kilosa na Mikumi: muulizeni kijana anacheza kazi gani kabla ya kumnyang’anya simu. Mpangieni saa, simamieni masomo, ni haki yenu. Lakini mtoto anayechagua kuwatibu wenzake ili timu ishinde anajifunza jambo ambalo nyinyi wenyewe mngependa alijue.

Na kwako msomaji uliyekwisha kupata toleo jipya usiku wa jana: usikimbilie mechi. Benchini yupo mwenzako ambaye behewa lake limesimama. Mrushie kwanza, mwingie pamoja.